"Anasubiri Damu": Maneno Machache kwa Daktari Anayeanza Utarajali

"Kitanda cha tisa, mama wa upasuaji, yuko vizuri. Anasubiri damu."

Hayo ndiyo niliyoachiwa saa moja na nusu usiku, mwezi wangu wa pili wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya kumaliza chuo, katika wodi ya wazazi ya hospitali moja hapa Dar es Salaam. Aliyeniambia alikuwa tarajali mwenzangu, na alikuwa kazini tangu asubuhi ya siku iliyotangulia. Macho yake yalikuwa mekundu. Tuliongea huku tunatembea kuelekea mlangoni, begi lake likiwa tayari begani, maana akiikosa daladala ya Gongo la Mboto saa ile angefika kwake saa nne. Nikaandika kwenye kiganja changu: 9, damu.

Mimi nilielewa kwamba anasubiri majibu ya damu. Siku ile maabara walikuwa wamechelewesha majibu ya karibu wodi nzima, kwa hiyo kila mgonjwa alikuwa "anasubiri damu". Mwenzangu alimaanisha chupa mbili za damu ya kuongezewa, zilizoombwa saa kumi na mbili jioni baada ya mama yule kupoteza damu nyingi mezani. Neno moja, maana mbili, na hakuna kati yetu aliyesimama akauliza.

Saa nane usiku sista wa zamu alinigusa bega. "Daktari, njoo umwangalie wa tisa. Hali yake siipendi." Mapigo ya moyo yalikuwa 136 kwa dakika. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi, kama mkono wa mtu aliyekuwa anaosha samaki wa barafu kule Feri. Nikainua shuka, nikaona tulichokuwa tumekikosa. Alirudishwa chumba cha upasuaji usiku ule ule na akapona, lakini kizazi ilibidi kitolewe. Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na yule aliyelala pembeni yake ndiye alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Asubuhi mama yake mzazi alikuja na kanga mbili zilizokunjwa na chupa ya uji. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona jana jioni mlituambia anaendelea vizuri?"

Nimebadilisha mambo machache ili mama yule asitambulike. Swali la mama yake nimeliacha kama lilivyo.

Leo mimi ndiye ninayesimamia matarajali, na kila kundi jipya linapoingia nawasimulia usiku ule kabla sijawaonyesha kabati la dawa liko wapi. Kwa niliyoyaona, madhara mengi ya wodini hutokana na jambo ambalo mtu fulani alikuwa analijua vizuri kabisa, likashindwa kumfikia aliyelihitaji. Daktari wa mchana alijua, wa usiku hakujua. Mgonjwa alijua, daktari hakumpa nafasi ya kusema. Mkono ulifundishwa semina, lakini siku yenyewe haukukumbuka. Zipo tafiti nzuri kuhusu mambo haya, baadhi zimefanyika hapa hapa nchini kwetu, na nasikitika kwamba nilimaliza miaka mitano ya chuo bila mtu kunionyesha hata moja.

Nianze na kukabidhiana zamu, kwa kuwa ndiko nilikoumia.

Mwaka 2014 Amy Starmer na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika wodi za watoto za hospitali tisa za Marekani na Kanada. Waliwafundisha madaktari walioko masomoni namna moja ya kukabidhiana wagonjwa, kwa mdomo na kwa maandishi, wakafuatilia jumla ya wagonjwa 10,740 waliolazwa kabla na baada ya mafunzo hayo. Makosa ya kitabibu yalipungua kwa asilimia 23, na madhara ambayo yangeweza kuzuilika yalipungua kwa asilimia 30. Kilichonigusa zaidi ni namba ndogo ambayo wengi huiruka: muda wa kumkabidhi mgonjwa mmoja ulikuwa dakika 2.4 kabla ya mafunzo na dakika 2.5 baadaye. Kwa hiyo anayekwambia hana muda wa kukabidhi vizuri, mwonyeshe namba hiyo.

Namna yenyewe si ngumu. Unaanza kwa kusema mgonjwa yuko katika hali gani: mzito, wa kuangaliwa kwa karibu, au ametulia. Kisha yeye ni nani na yaliyompata kwa ufupi. Kisha kazi iliyobaki, nani anaifanya na saa ngapi. Kisha mambo yakiharibika nini kifanyike, na nani aitwe. Mwisho, anayepokea anarudia kwa kinywa chake alichokisikia. Mgonjwa wangu wa kitanda cha tisa angekabidhiwa hivi: "Kitanda cha tisa, mzito. Amefanyiwa upasuaji wa kujifungua saa kumi jioni, akapoteza damu nyingi. Chupa mbili za damu ya kuongezewa zimeombwa saa kumi na mbili, hazijafika. Wewe piga simu maabara saa mbili kamili. Mapigo yakivuka 120, au akianza kutoa jasho la baridi, usisubiri damu, mwite bingwa." Nimejisomea maneno hayo kwa sauti mara nyingi nikiwa na saa mkononi. Hayafiki dakika moja.

Sehemu iliyotusumbua tulipoanza ni hiyo ya kurudia. Kwetu mdogo hamwambii mkubwa "rudia nilichosema", itaonekana amekosa adabu. Nimemwona tarajali amepokea maelekezo ya bingwa kwa "sawa daktari" tatu mfululizo, kisha akaja kuniuliza mimi pembeni bingwa alisema nini. Dawa yake ni kwamba wewe mdogo ndiye ujitolee kurudia: "Daktari, naomba nirudie nihakikishe nimekusikia vizuri." Hakuna mkubwa aliyewahi kukasirikia sentensi hiyo mbele yangu, na zaidi ya mara moja nimesikia bingwa mwenyewe akijirekebisha katikati: "Hapana, nilikuwa namaanisha miligramu, si mililita."

Na lile neno lililoniponza haliruhusiwi kutembea peke yake wodini kwetu. Sema majibu ya damu, au damu ya kuongezewa, au anatoka damu. Chagua moja.

Kuhusu uchovu wa mwenzangu usiku ule, nisiseme mengi, kwa kuwa ratiba ya zamu haipo mikononi mwa tarajali. Ila mjue si jambo la uvivu. Mwaka 2004 Christopher Landrigan na wenzake, wakifanya kazi katika vyumba vya wagonjwa mahututi huko Boston, walikuta matarajali waliokesha kwa zamu ndefu walifanya makosa makubwa kwa asilimia 36 zaidi ya walipokuwa kwenye zamu fupi. Wakati huo huo, zamu zikiwa fupi wagonjwa wanapokezwa mara nyingi zaidi. Kwa vyovyote vile unarudi pale pale mlangoni, wewe na mwenzako mwenye begi begani. Mrudishe ndani. Simameni mbele ya kitanda, dakika mbili na nusu. Daladala nyingine itakuja.

Sasa kuna jambo lazima niliseme kwa uwazi, kwa sababu nimeona hospitali nyingi zikibandika karatasi ukutani na kudhani kazi imekwisha.

Mnaijua ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, inayosomwa kabla ya ganzi, kabla ya kukata na kabla ya mgonjwa kutoka. Ilijaribiwa kwanza katika hospitali nane duniani, na mojawapo ilikuwa yetu, Mtakatifu Fransisko ya Ifakara. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Nchi nyingi zikaichukua. Mwaka 2014 watafiti wa Ontario, Kanada, wakaangalia hospitali 101 zilizokuwa zimeagizwa kuitumia, na hawakuona tofauti ya maana katika vifo wala matatizo. Karatasi ni ile ile. Watu wamebishana sana kuhusu sababu, na mimi naegemea upande wa wanaosema kuna tofauti kubwa kati ya timu iliyofundishwa ikazoea kusimama na kusemezana, na timu iliyoletewa fomu ya kuweka vema. Nimeshuhudia mwenyewe fomu ikijazwa yote mwisho wa siku, wagonjwa watano kwa mkupuo, na mtu aliyekuwa anakunywa chai.

Utafiti ulionibadilisha kuliko yote, hata hivyo, ulifanyika mkoani Manyara, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom. Aprili 2010 wahudumu wa pale walipata mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, wakitumia mwanasesere na ambu, ule mfuko wenye barakoa unaobanwa kwa mkono kumpa mtoto hewa. Miezi saba baadaye wakapimwa tena kwa mwanasesere. Waliofaulu zoezi la kumsaidia mtoto asiyepumua walikuwa wamepanda kutoka asilimia 18 hadi asilimia 74. Mtu yeyote wa semina angepiga makofi hapo na kugawa vyeti. Lakini watafiti, wakiongozwa na Hege Ersdal kutoka Norway, walikuwa pia wanaangalia chumba cha kujifungulia chenyewe, ambako watoto halisi walikuwa wanazaliwa. Huko utendaji ulikuwa haujabadilika. Walichojua watu mbele ya mwanasesere hakikuvuka mlango.

Wangeweza kuacha hapo. Badala yake hospitali ikageuza mafunzo: mazoezi ya dakika chache tu kila wiki, na mengine marefu kidogo kila mwezi, hapo hapo wodini, katikati ya kazi. Mwaka 2015 Estomih Mduma na wenzake wakachapisha kilichotokea. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Ambu ni zile zile na wakunga ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba mikono iligusa mwanasesere kila wiki badala ya mara moja.

Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka mkunga mmoja.

Mara yangu ya kwanza kushika ambu kwa mtoto halisi, mtoto alitoka kimya, rangi ya bluu, mikono imelegea. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa jambo hilo. Nilijua kuna dakika moja ya kwanza, wanayoiita Dakika ya Dhahabu, ambayo mtoto asiyepumua anatakiwa awe ameanza kupewa hewa kabla haijaisha. Nikaweka barakoa usoni, nikabana. Kifua hakikuinuka. Nikabana kwa nguvu zaidi, hewa ikatokea pembeni ya shavu kwa sauti ndogo ya kuvuja. Mkunga hakuninyang'anya. Aliweka vidole viwili chini ya mkono wangu, akausogeza kidogo sana, labda upana wa kidole. "Kidevu, daktari. Inua kidevu." Nikainua. Kifua kidogo kikapanda, kikashuka, kikapanda. Baada ya muda ambao niliuona mrefu mno, mtoto akalia.

Nilimuuliza baadaye alijifunza wapi. Akanionyesha mwanasesere kwenye droo ya chini ya meza, plastiki imechubuka puani kwa kutumika. "Kila Jumatatu kabla ya chai, mimi na mwenzangu. Mmoja anashika, mmoja anahesabu." Hakuna aliyemwamuru.

Kwa hiyo ushauri wangu hapa ni mmoja na nausisitiza: usisubiri semina. Tafuta mwenzako mmoja, mchague jambo moja linaloua haraka katika wodi yenu, mlifanye kwa mikono dakika tano kila wiki. Wodi ya wazazi chagueni mtoto asiyepumua na mama anayetoka damu. Wodi ya watoto chagueni degedege. Wodi ya wakubwa chagueni mgonjwa wa sukari iliyoshuka. Fungueni hilo kabati la dharura mwone kama dawa ipo na haijapitwa na tarehe, kwa kuwa kujua dozi ya dawa isiyokuwepo hakumsaidii mtu. Nchi yetu ina ushahidi wa kutosha kwamba hili linawezekana. Mpango wa kuwasaidia watoto kupumua, katika hospitali nane za Tanzania, ulipunguza vifo vya saa 24 za kwanza kwa asilimia 47, kama Georgina Msemo na wenzake walivyoandika mwaka 2013. Kule Unguja, hospitali ya Mnazi Mmoja, wahudumu walishirikishwa kuandika mwongozo mfupi wa kumhudumia mama wakati wa uchungu, unaoendana na wodi yao yenye watu wachache na kazi nyingi, wakawa wanaurudia kwa semina fupi kila baada ya miezi mitatu. Watoto waliozaliwa wafu walipungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Mradi huo ukaletwa hapa Dar es Salaam katika hospitali tano.

Na kuhusu mama anayetoka damu, usiyaamini macho yako. Mwaka 2023 ulitoka utafiti mkubwa wa hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Mama aliwekewa mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu, na hatua zote za matibabu zikafanyika kwa pamoja badala ya kusubiri moja ishindwe ndipo ianze nyingine. Mahali ambapo watu walikadiria kwa macho kama kawaida, karibu nusu ya akina mama waliotoka damu kupita kiasi hawakugundulika. Penye mfuko waligundulika zaidi ya tisini kwa mia, na madhara makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Utafiti huo ulihusu waliojifungua kawaida, mgonjwa wangu alikuwa wa upasuaji. Bado, kila ninapousoma naiona ile shuka.

Nije kwenye kusikiliza, ambako wengi mnadhani hamna cha kujifunza.

Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha kwamba madaktari waliowachunguza Marekani walimkatiza mgonjwa, kwa wastani, baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake. Unaweza kusema walikuwa wanaokoa muda, mgonjwa akiachwa ataongea mpaka jioni. Mwaka 2002 watafiti wa Basel, Uswisi, wakaamua kupima: wakawaacha wagonjwa 335 waseme mpaka wanyamaze wenyewe. Wastani ulikuwa sekunde 92. Karibu wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili. Na utafiti wa zamani wa Uingereza, wa mwaka 1975, ulionyesha kwamba kati ya wagonjwa wapya 80, kwa 66 maelezo yao pamoja na barua ya rufaa yalitosha kuufikia ugonjwa, kabla ya kumpima mtu wala kupeleka chochote maabara.

Nilikuwa na mzee mmoja wa Mbagala ambaye presha yake haikushuka miezi mitatu. Tulishaongeza dawa mara mbili. Siku hiyo foleni ilikuwa fupi, nikaweka kalamu chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Za kazi?"

"Nzuri mzee. Hebu niambie, dawa unazitumiaje, tangu asubuhi unapoamka?"

Akaanza na magoti. Akahamia usingizi. Akaeleza mjukuu wake aliyefeli mtihani. Nilikuwa nakaribia kumkatiza, kusema kweli, mkono ulishaanza kurudi kwenye kalamu. Ndipo akasema, taratibu, akiangalia mlango: "Tunagawana, daktari. Mama yenu naye ana presha, ila yeye hana bima. Basi leo nakunywa mimi, kesho anakunywa yeye."

Miezi mitatu tulikuwa tunaongeza dozi ya dawa inayogawanywa na watu wawili. Maabara isingetuambia hilo hata siku moja.

Kuna ugumu wetu wa pekee hapa. Tangu shule ya udaktari ianze Dar es Salaam mwaka 1963, udaktari tunafundishwa kwa Kiingereza, na wagonjwa wanaugua kwa Kiswahili. Mwanafunzi anasikia "moyo unakwenda mbio" na kabla sentensi haijaisha ameshaitafsiri kichwani na kuandika jina la dalili aliyoisoma kitabuni. Wakati mwingine anapatia, wakati mwingine mgonjwa alikuwa anasema ana hofu. Mama akisema ana "chango", au baba akisema ana "mshipa", au mtu yeyote akisema ana "homa", hujaambiwa bado ugonjwa. Umefunguliwa mlango. Tafiti zilizofanyika Bagamoyo miaka ya 1990 zilionyesha kwamba wazazi wengi waliona degedege kuwa ugonjwa tofauti na malaria, na kuupeleka kwanza kwa mganga wa jadi. Daktari aliyeuliza "mtoto ameumwa malaria?" alijibiwa hapana, na mzazi hakudanganya. Kwa hiyo nawaomba: neno la mgonjwa liandike kwenye faili kama alivyolitamka, kwa Kiswahili, ndani ya alama za kunukuu, kabla hujaandika lako. Kisha muulize, "Ukisema chango, unasikia nini, na wapi?" Bingwa mmoja aliwahi kunigombeza kwa kuchanganya lugha kwenye faili. Niliendelea, na bado naendelea.

Unapomruhusu mgonjwa kwenda nyumbani, usimuulize "umeelewa?" Atasema ndiyo. Hata mimi ningesema ndiyo, nikiwa nimekaa mbele ya mtu mwenye koti jeupe na foleni nyuma yangu. Swali langu ni hili: "Bibi akikuuliza nyumbani daktari kasemaje, utamwambia nini?" Hapo ndipo utasikia kwamba "mara tatu kwa siku" imekuwa vidonge vitatu asubuhi, au kwamba kidonda kisiloweshwe imekuwa asioge wiki mbili. Rekebisha, kisha aseme tena.

Kwa mlio bado darasani, neno fupi tu. Acheni kusoma maandishi yale yale mara nne kwa kalamu ya rangi. Mwaka 2009 Douglas Larsen na wenzake walilinganisha madaktari walioko masomoni waliojipima kwa maswali na wale waliosoma tena na tena, na miezi sita baadaye waliojipima walikuwa mbele kwa asilimia 13. Funga daftari, ujiulize. Mkiwa wawili kwenye daladala ya kwenda Upanga, ulizaneni.

La mwisho ni kuhusu utafiti wenu wenyewe, kwa maana kila mwaka wanakuja vijana na mada kubwa kuliko umri wao. Anza na kitu unachoweza kukihesabu kutoka pale uliposimama. Baada ya miaka kadhaa, lile swali la damu lilikuwa bado linaniuma, basi tukaamua mimi na inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, kuchukua mafaili 30 na kuandika nyakati tatu tu: daktari alipoandika ombi la damu, ombi lilipopokelewa maabara, na chupa ilipotundikwa. Tuliomba kibali kwanza kwa mkuu wa idara na kamati ya maadili, na hatukuandika jina la mgonjwa wala la mhudumu yeyote. Hili la majina lishikeni sana, kwani watu wakihisi wanatafutwa, karatasi zitaanza kusema uongo. Na kama unakusudia kuchapisha, mfuate msimamizi wako mapema akuelekeze kama unahitaji pia kibali cha NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Usije kuomba baada ya kukusanya.

Tulikuwa na uhakika tatizo ni maabara. Tumewalaumu maabara miaka yote. Mafaili yakaonyesha kwamba muda mrefu kuliko wote ulipotea kabla ombi halijatoka wodini. Fomu ilikuwa inajazwa, sampuli inachukuliwa, kisha vyote viwili vinawekwa kwenye trei ya mezani vikisubiri mtu atakayekuwa anapita kuelekea kule. Usiku hakuna anayepita. Inchaji aliyaangalia yale majedwali muda mrefu, kisha akaiondoa ile trei mezani akaifungia kabatini. Tangu siku hiyo ombi la damu linatoka mkononi mwa daktari kwenda mkononi mwa mtu, na jina la aliyelibeba pamoja na saa aliyotoka vinaandikwa juu ya faili, kwa kalamu nyekundu.